Siku Tuliyofunga Maduka

Kaka yangu ndiye aliyebeba ndoo. Mimi nilikuwa nimeinama mbele ya mdomo wa tanuri, nayavuta makaa kwa chuma kirefu cha marehemu baba, naye alisimama nyuma yangu kwa subira ambayo sikuwahi kuiona kwake tangu utoto wetu. Ndoo ikijaa anaitoa nje, anaimwaga kwenye mchanga, anarudi. Hakulalamika joto, wala masizi yaliyompaka shati jeupe. Nilipodhani nimemaliza, akachutama, akachungulia ndani, akaniambia bado kuna yanayowaka kule nyuma, upande wa kushoto. Nikayatoa na hayo.

Tanuri lile alilijenga babu yetu kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, na tangu alipoliwasha halikuwahi kupoa. Sitii chumvi. Mikate ya mwisho ikishatoka, makaa yanafunikwa kwa majivu, na alfajiri yanafunuliwa, yanapulizwa, yanalishwa kuni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya siku nyumbani kwetu, kabla ya salamu, kabla ya kunawa uso. Siku tuliyomzika baba, kinyozi wa jirani alibaki nyuma kuulinda moto, akakosa mazishi ya rafiki yake, na mama alimshukuru yeye kuliko wote waliofika makaburini.

Utauliza, mtu mwenye akili timamu anazimaje moto wa namna hiyo? Kwa maneno, ndugu yangu. Kaka alikuwa na maneno.

Watu walimwita Kipaza. Alikuwa fundi redio, duka lake likitazamana na la kwangu, na kwa kuwa vipaza sauti vya mji mzima vilipita mikononi mwake, vya harusi na vya misiba, mwisho akawa yeye ndiye anayevisemea. Sauti alijaliwa. Akikusalimia kwa mbali unaona kama umeitwa kupewa zawadi. Kwa hiyo lilipoanza kujengwa lile duka kubwa kule njia panda, nje ya mji, lenye kuta za bati la bluu na uwanja wa kuegesha magari mkubwa kuliko soko letu lote, na sisi wa barabara ya chini tukaanza kutazamana kwa hofu, hakuna aliyeuliza nani atatusemea.

Tuliiita kampeni yetu Nunua kwa Jirani. Kila Jumamosi Kaka alipanda nyuma ya gari la muuza mbao akauzunguka mji. Mimi nilikaa mbele na dereva, nimepakata kapu la mikate ya kuonjesha, na nilimsikia kupitia kioo. Ukinunua kiatu huko, alikuwa akisema, siku kikiachama umpelekee nani, ukuta wa bati? Kinyozi wako analijua kovu lililoko kichwani mwako. Wale watalifahamu kwa wembe. Watu walitoka milangoni wakicheka. Wanawake walimtania wakamuuliza kama na mke wa pili atamtafuta kwa jirani, na yeye akawajibu kwamba ndiyo, ila jirani mwenyewe awe anajua kupika. Kisha, kicheko kikiwa bado hakijaisha, alishusha sauti na kuwaambia jambo la kweli: kwamba mtu aliyekukopesha sukari mwaka ule wa njaa hakuwa na ukuta wa bluu. Hapo hata mimi, niliyeyasikia maneno hayo kila wiki, macho yalinilenga machozi.

Na ilifanya kazi. Siwezi kusema haikufanya. Watu ambao walikuwa wameanza kuagiza vitu kutoka mji mkubwa walirudi. Fundi viatu alipata kazi hadi akaleta benchi la pili. Kwangu foleni ilifika kwenye mlango wa muuza vyombo, naye, kwa kuwa watu walisimama hapo bila la kufanya, akawauzia sufuria.

Wazo la kufunga lilikuwa la Kaka. Tulikutana dukani kwa muuza vyombo, tumekaa juu ya ndoo zilizogeuzwa, naye akasimama katikati akasema watu wamezoea kutusikia, sasa wanapaswa kutukosa. Siku moja tu. Kila mlango ufungwe, na kila mlango ubandikwe karatasi moja: LEO TUMEFUNGA ILI MUONE MJI ULIVYO BILA SISI. Siku yenyewe akaitaja palepale, Alhamisi ya wiki iliyofuata. Muuza mbao alisema Ijumaa ingekuwa bora, watu wanafanya manunuzi mengi. Kaka akasema hapana, Alhamisi, ameshafikiria. Nani angemhoji mtu aliyetupigania hivyo?

Mimi niliomba kitu kimoja tu. Nikasema nitafunga mlango, nitabandika karatasi, lakini moto wangu niuache chini ya majivu kama kawaida. Wote wakakubali isipokuwa yeye. Alinisogelea akanishika bega, akasema kwa ile sauti ya chini:

"Mdogo wangu, moshi wako unaonekana mji mzima. Wakiuona watasema tunaigiza."

Ndiyo maana Jumatano jioni nilikuwa nimeinama pale, naye akibeba ndoo.

Alhamisi ilikucha kimya. Sijawahi kusikia barabara yetu ikiwa vile: hakuna cherehani, hakuna nyundo, hakuna redio kwa Kaka. Tulitoa viti nje tukakaa mbele ya milango yetu iliyofungwa, tumevaa vizuri, tumejawa na aina fulani ya fahari ya kipumbavu, tukisubiri kukoswa. Watu walikuja. Walisoma karatasi. Mmoja wawili walitutikisia kichwa, mwalimu mmoja mstaafu akatupa mkono wa pongezi. Halafu waliondoka, na niliona wanaondoka wote kuelekea upande mmoja. Kaka hakuwepo. Mkewe alisema ametoka mapema, ana shughuli.

Jua lilipopanda, muuza vyombo alirudi kutoka kona ya barabara akitembea haraka kuliko mwili wake ulivyomruhusu. Pale kituoni kuna mabasi, alisema, mabasi ya bure, yamepambwa kwa maputo ya bluu. Lile duka limefunguliwa leo.

Tukainuka, wote. Hatukukubaliana kwenda, tulijikuta tunakwenda, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kupanda basi lao, tulitembea juani na nguo zetu nzuri. Njiani tulikutana na wateja wetu wakirudi, mikono imejaa, na walitupisha wakiangalia chini. Mmoja, jirani yangu wa mlango wa pili ambaye nimemuuzia mkate tangu akiwa na mimba ya mwanawe wa kwanza, aliniambia bila kuulizwa kwamba watoto hawawezi kulala njaa na sisi ndio tuliofunga. Alisema kweli. Tulitaka wauone mji ulivyo bila sisi, nao wakauona, wakaona unaishi.

Nilimsikia kabla sijaliona geti. Sauti ilitoka kwenye nguzo zote za uwanja ule kwa pamoja, safi, haina mkwaruzo hata mmoja, maana kazi yake aliijua. Karibuni, karibuni nyote, ilisema. Hapa ni kwa jirani yako. Kisha ikatania kitu kuhusu viatu na watu wakacheka. Fundi viatu, aliyekuwa kando yangu, alivua kofia yake akaikunja mkononi akasimama. Hakwenda mbele zaidi. Mimi nilikwenda.

Nilimkuta karibu na vitoroli, amevaa shati la bluu lenye kibandiko kifuani, shati jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Aliponiona hakushtuka. Nadhani alikuwa akinitarajia, na hilo liliniumiza kuliko kama angekimbia. Watu walikuwa wakitupita na vitoroli vyao wakiomba samahani.

"Ulijua ni leo," nilimwambia.

"Nilijua."

"Na ukanibebea ndoo."

Akaangalia pembeni. Kisha akaanza kueleza, haraka, kama mtu aliyeyakariri. Kwamba nani siku hizi anatengeneza redio. Kwamba duka hili lingekuja tu, tupige kelele tusipige. Kwamba walimfuata wakati kampeni imepamba moto, wakamwambia mtu anayeweza kuwarudisha watu kwa majirani anaweza pia kuwaleta kwao, na walichotaka kwanza ni siku moja tu ya ufunguzi isiyo na mpinzani. Watu wakishaingia mara moja, walisema, miguu itaikumbuka njia. Aliyasema haya yote akiwa ananitazama usoni, na hapo ndipo nilipomfahamu kaka yangu: hakuona kwamba ameniuza. Aliona amenitangulia.

"Nimekuombea nafasi kwenye mikate," alisema. "Wana tanuri la umeme. Unabonyeza tu."

Nilirudi kwa miguu, peke yangu, na sijui nilipita wapi.

Nilikuwa na nia moja: kesho yake mlango wangu ufunguke na mkate uwemo. Nikaomba makaa jikoni kwa kinyozi, nikayabeba hadi kwangu, nikapanga kuni, nikawasha. Na hapa ndipo nilipogundua kitu ambacho sikuwahi kukifikiria maisha yangu yote. Baba alinifundisha kuulisha moto, kuulaza, kuuamsha, kuupima kwa kiganja. Kuuanzisha hakunifundisha, kwa sababu na yeye hakufundishwa. Hapakuwa na haja. Matofali yalikuwa baridi yenye unyevunyevu, na mimi nilikuwa na hasira na nikalitilia tanuri moto uleule niliozoea kulitilia. Lililia mara moja tu, mlio mkavu, kutoka ndani. Nilipoingiza taa niliona ufa umeanzia mdomoni ukapita juu ya dari lote hadi nyuma, upande wa kushoto.

Mwashi aliyekuja kulitazama alilizunguka muda mrefu, akaingiza kidole kwenye ufa, akakitoa. Akasema anaweza kulibomoa na kujenga jingine. Nikamwuliza kama lile lenyewe haliwezi kuzibwa. Akanionea huruma, nikaona, na akaanza kukusanya vifaa vyake polepole ili nisione anaharakisha kuondoka.

Hayo yalitokea zamani. Barabara ya chini ipo bado; kinyozi yupo, maana kunyolewa hakuuzwi kwenye rafu, na muuza vyombo alihamia kwa bintiye. Mimi nauza unga na hamira katika chumba kilekile, tanuri limebaki nyuma yangu nimeliwekea magunia. Kaka sikuongea naye tena. Tukikutana misibani tunakaa pande mbili, na watu wamezoea kutuacha hivyo. Hasira yangu kwake naijua ilipo na ninaishi nayo bila tabu.

Ila kuna asubuhi moja, wiki chache baada ya ufa. Niliamka kwa mazoea ya alfajiri, sina la kuamkia, nikaenda chumbani kwa mama kumpelekea chai. Mama wakati huo alikuwa hatoki sana kitandani, meno yamemwisha, lakini akili yake ilikuwa kali kuliko yangu na ya kaka tukichanganywa. Kwenye meza yake nikaona mkate. Umefungwa kwenye karatasi ya bluu, umekwisha kukatwa vipande sawasawa.

Nikamwuliza ulitoka wapi, ingawa nilijua. Akasema kaka huuleta mwenyewe, nikiwa sokoni. Nikasema, nikijaribu kushusha sauti, kwamba mama anaula mkate huo huku akijua kaka alichonifanyia.

Mama alinitazama. Hakuwa na aibu hata kidogo.

"Alinieleza kabla," alisema. "Akaniuliza afanyeje kuhusu wewe. Nikamwambia ahakikishe moto umezimika wote."

Nilikaa kitandani kwake.

"Usiku nilikuwa nakusikia unakohoa," aliendelea, taratibu, akitafuta mkono wangu juu ya shuka. "Baba yako alianza hivyohivyo. Kuzika mara ya pili nisingeweza."

Nilitaka kumwambia mambo mengi. Kwamba kifua ni changu. Kwamba angeniambia mimi, mwanawe, ninayelala chumba cha pili, badala ya kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa na kumtuma mtu mwenye ndoo. Kwamba kile alichokizima hakikuwa cha kwake kukizima, wala changu. Maneno yote yalikuja yakajaa mdomoni, na nikauona mkono wake mwingine umeshaanza kupapasa mezani, kutafuta mkate, kwa sababu ilikuwa saa yake ya kula.

Nikachukua kipande kimoja. Nikatoa kingo zake zote, maana hizo fizi zake haziziwezi, nikakichovya kwenye chai, nikamlisha.