Vituo Kumi na Vitatu

Saa tisa alasiri, Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima mwaka 2024, watu ishirini hivi walikuwa wamesimama mbele ya nyumba ya Hildegardi Ndunguru, viatu mikononi. Hakuna aliyebisha hodi. Mwenyekiti wa jumuiya, Mansuetus, alikuwa na msalaba wa mti begani, na waliokuwa nyuma yake walikuwa wakifuta matope ya miguuni kwenye nyasi.

Hildegardi alifungua mlango akiwa bado ameshika kioo chake cha kukuzia. Akauliza nani amefariki.

"Bado, mama," akajibu Tobias, fundi cherehani. "Ndiyo kwanza anahukumiwa."

Wanawake wakamwambia anyamaze. Mansuetus akaeleza kwa utaratibu kwamba wamekuja kusali Njia ya Msalaba, kwa kuwa picha za vituo vyake ziko humu.

Hildegardi alikuwa mpima ardhi. Alistaafu Songea, akarudi baada ya Pasaka ya mwaka uliotangulia na kuhamia nyumba aliyoijenga kilimani, ng'ambo ya kijito kutoka kitongoji alikozaliwa, nje kidogo ya Kigonsera. Tangu ujana alikusanya picha za zamani za kuchapwa na kuzitundika ukutani. Alipenda namna zilivyotengenezwa, rangi juu ya rangi, kila rangi na jiwe lake la kuchapia, na kwa kioo chake aliona mahali ambapo jiwe moja lilikosea kwa unene wa unywele. Alitambua pia picha imeishi wapi. Za mwambao wa Nyasa, kama ile ya meli aliyoipata Liuli, zilikuwa na vidoa vya unyevu, rangi ya chai. Za milimani zilikuwa na moshi.

Vituo hivi vilikuwa na moshi. Vilichapwa Ujerumani kabla ya vita ya kwanza ya dunia, vikatundikwa katika kanisa dogo la kigango hadi upepo ulipong'oa paa lake, Hildegardi akiwa kazini Songea. Siku hiyo kila kaya ilichukua picha moja kuihifadhi. Kigango kipya kilipojengwa kando ya barabara kilipata vituo vya plasta, na zile za zamani zikabaki majumbani. Hildegardi aliiona ya kwanza kwa Tereza, juu ya kabati la vyombo, akajua ni moja ya seti. Seti kamili ya namna hiyo hakuwahi kuiona mahali popote. Tangu hapo alizitaka zote kumi na nne, ukuta mmoja, mstari mmoja.

Kitu kilichobarikiwa hakiuzwi, kwa hiyo hakuna aliyeuza. Hildegardi alinunua fremu na kioo, picha akapewa. Mmoja alipata mabati, mwingine saa ya ukutani, mwingine taa ya sola. Kufika Noeli alikuwa nazo kumi na tatu koridoni, zimepangwa kwa pimamaji, na msumari mmoja mtupu. Iliyokosekana ilikuwa ya sita, Veronika akimpangusa Yesu uso. Ilikuwa kwa Walburga, mjane mwenye mguu mbovu, aliyeishi chini karibu na kijito. Hildegardi alipoleta maneno yake ya fremu, Walburga aliigonga fremu kwa kidole, unga ukamwagika.

"Imeliwa na mchwa, mwanangu. Sasa utanunua nini?"

Ambalo hakuna aliyemwambia Hildegardi ni kwamba kila Ijumaa ya Kwaresima jumuiya ilipita nyumba kwa nyumba ikizifuata picha hizo. Walidhani anajua, si mtoto wa hapa? Na kila aliyetoa yake alihesabu kwamba za wenzake zingebaki.

Hildegardi aliwakaribisha ndani. Walisali vituo vitano koridoni, wakipiga magoti kwa zamu kwa sababu ya wembamba wa mahali. Kwenye cha sita Mansuetus aliutazama msumari, akageuka na msalaba wake, akatoka nje. Wote wakamfuata. Wakavaa viatu, wakateremka katikati ya ngolo, mashimo ya kulimia ya mteremkoni, wakavuka gogo la kijitoni wakiimba. Hildegardi alifuata mwishoni.

Walburga alikuwa ameshafagia na kufungua madirisha yote mawili. Alikaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha juu ya mkeka. Waliokosa nafasi walipiga magoti nje, chini ya dirisha. Hildegardi aliitazama picha juu ya kitanda. Wekundu wa vazi la Veronika ulikuwa haujapauka. Ilikuwa nzuri kuliko zake zote kumi na tatu.

Kisha wakapanda tena kilima kwenda kwenye cha saba, Yesu anaanguka mara ya pili. Tereza aliteleza matopeni, akakaa chini.

"Huyu naye kawahi," Tobias akasema. "Tulikuwa hatujafika."

Ijumaa ya pili ilinyesha mvua tangu asubuhi. Walikuja tisa. Walipotoka kwa Walburga, Tereza alianguka tena, safari hii kwenye gogo, akateguka kifundo cha mkono. Hakuna aliyetania.

Hakuna pia aliyedai picha zirudishwe. Kitu ukishatoa umetoa, na mabati yalikuwa yamekwishapigiliwa misumari. Hildegardi mwenyewe aliliwaza jambo la kuzirudisha jioni moja, akiwa peke yake koridoni, akaliacha. Mansuetus alipomwambia kwamba kabla ya Ijumaa nyingine angempatia ile ya sita, Hildegardi alijibu kwamba hakuiomba. Lakini alipoitwa waende kwa Walburga, alienda.

Walimwamkia mama, wakapewa viti. Mansuetus akazungumza kwa heshima na kwa urefu, juu ya mvua, juu ya gogo, juu ya mkono wa Tereza. Mwisho akasema picha ikikaa na wenzake watasali mahali pamoja.

"Na mimi nitasali wapi?"

Mansuetus alisema jumuiya isingemsahau, wangemtembelea Jumapili.

"Jumapili mnakuja kunitazama," Walburga akasema. "Ijumaa mnakuja kusali. Nikikupa hii, atakayepita mlango huu Kwaresima ni mbuzi wako."

Walburga akamtazama Hildegardi, ambaye macho yake yalikuwa kwenye picha juu ya kitanda.

"Ijumaa picha itakuwa kwako," akamwambia. "Kalale."

Ijumaa ya tatu mvua ilikuwa imekata. Watu walikuwa kituo cha nne iliposikika pikipiki ikipanda kilima kwa gia ya kwanza. Ilikuwa bodaboda ya Elias. Nyuma alikaa Walburga, mguu mbovu umenyooshwa pembeni, na kati ya tumbo lake na mgongo wa Elias kulikuwa na kitu kimefungwa kwa kitenge. Wanaume wawili wakamshika mabega, wakamwingiza ndani. Alikaa kwenye kiti mbele ya msumari, akafungua kitenge, akampa Mansuetus picha aitundike. Ilikaa upande kidogo, kwa sababu ya mchwa. Hildegardi hakuinyoosha. Wakasali cha tano, cha sita, na kuendelea hadi cha kumi na nne bila mtu kutoka nje.

Walipomaliza, Walburga alikunjua kitenge mapajani.

Mansuetus alikohoa. Akasema mama aiache tu. Ijumaa ijayo Elias angemfuata, naye angeikuta hapo hapo. Wengine wakaitikia kwamba ni kweli, na barabara ni mbovu, kioo kitavunjika. Tereza, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, ndiye pekee ambaye hakuitikia. Walburga alimtazama mwenye nyumba.

Hildegardi alisimama mbele ya ukuta. Alianza kituo cha kwanza, akaenda taratibu hadi cha mwisho, akarudi. Zilikuwa kumi na nne. Watu walisubiri.

Akainua mikono miwili, akaishusha ya sita. Aliikagua kamba ya nyuma, akakuta imelika, akaingia chumbani na kurudi na mpya. Aliifunga mwenyewe, mafundo mawili. Kisha akaiweka juu ya kitenge.

"Umelala lakini?" Walburga akauliza.

"Kidogo, mama."

Elias aliwasha pikipiki. Wanaume wakampandisha Walburga, Hildegardi akampa picha, naye akaikumbatia kifuani. Bodaboda ikateremka kwa breki hadi kijitoni, ikapita majini kando ya gogo, ikatokea ng'ambo.