Friji la Bi Eduviges

Redio ilisema mapema, wala haikuficha: mwisho wa wiki wa sikukuu ya Oktoba, kanda nzima ya milima ya Córdoba itakuwa na baridi, hali ya hewa haitatulia, na mvua za radi zitafika Jumapili mchana. Meya wa Los Talares, Nazareno Funes, akapiga simu redioni akiwaka. Kwa nini waseme baridi? Hawajui kusema "hewa safi ya mlimani"? Mchana mtangazaji akasoma upya, kwa sauti ya mtu aliyekaripiwa, kwamba kutakuwa na hewa safi ya mlimani pamoja na radi za kupendeza. Radi za kupendeza! Watu wana midomo jamani.

Bi Eduviges aliyasikia yote mawili akiwa jikoni, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Mvua! Tangu kipupwe kianze hapakuwa na hata tone. Bwawa lilikuwa limebaki tope lililopasuka, na ile mipichi aliyoachiwa na marehemu mumewe, iliyotoa maua vizuri kupita miaka yote, sasa ilikuwa na vitunda vya kijani vidogo kama zeituni, vimesinyaa, vinangoja. Isiponyesha wiki hiyo, vyote chini. Na miti yenyewe ilikuwa mizee; mwaka mwingine wa kiu isingeuvumilia. Bi Eduviges naye hakuwa na shamba lingine wala mume mwingine.

Taabu ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkata mvua.

Los Talares nzima inajua. Wingu baya likija, mkata mvua hutoka na shoka, huchora msalaba wa chumvi chini, husema maneno aliyofundishwa na mamaye siku ya Ijumaa Kuu, kisha hulipiga shoka ardhini likielekea wingu. Wingu hupasuka katikati, kila nusu ikashika njia yake. Masharti ni mawili tu. Ukiombwa, hukatai. Na hupokei kitu, hata yai la kuku. Ukipokea, shoka hubaki la kukatia kuni tu.

Ijumaa meya akaja mwenyewe, viatu vinang'aa.

"Bi Eduviges, mama yangu! Jumapili ni Tamasha la Mbuzi wa Kuchoma. Hoteli zimejaa pomoni. Nakuomba utukatie hiyo mvua."

Tayari ameomba. Bi Eduviges akaitazama mipichi yake dirishani. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba atalazimishwa kumnyoa jirani kwa wembe wa kujikatia mwenyewe.

"Nazareno mwanangu, mimi ndiye niliyekuponya minyoo ukiwa huna hata suruali. Hebu niache. Miti yangu inakufa."

"Utatukatia jukwaani, mbele ya wageni! Na Manispaa itakuzawadia friji. Jipya, la milango miwili."

"Sipokei kitu. Nikipokea, shoka halisikilizwi. Mama yako hakukwambia?"

"Mambo ya kale hayo, mama. Manispaa haichukui cha bure. Watasema tumemwonea kikongwe."

Bi Eduviges akafungua kinywa kumfokea, kisha akakifunga. Kumbe! Akipokea, mvua haitakatika. Na isipokatika, itanyesha. Na wala hatakuwa amekataa kuombwa.

"Basi lileteni hilo friji," akasema kwa upole ambao ungemshtua mtu yeyote anayemfahamu.

Jumapili, wageni walikaa wamejikunyata ndani ya makoti, wanatafuna nyama ya mbuzi iliyopoa, wanaisifia hewa safi ya mlimani huku meno yanagongana. Friji lilisimama jukwaani limefungwa utepe mkubwa kuliko wa bibi harusi. Meya akahutubia mpaka mbwa wakalala. Akamkabidhi Bi Eduviges friji, akamshika mkono, kamera zikalia. Kisha bibi akashuka mbele ya jukwaa, akachora msalaba wake wa chumvi, akasema maneno yake yote bila kuruka, maana yeye si mtu wa kulipua kazi, akalipiga shoka chini.

Mvua ikamwagika.

Watu wakatimua mbio, makaa yakazimika kwa mlio, utepe ukalegea ukaning'inia. Bi Eduviges alibaki palepale, uso juu, amelowa chepechepe, anacheka na kulia pamoja. Alikuwa akiwaza mizizi yake huko nyumbani, inakunywa.

"Shangazi!" Alikuwa Zulma, jirani yake, anamvuta mkono. "Shangazi, tazama nyuma ya wingu hilo! Lile jeupe!"

Bi Eduviges akageuka. Nyuma ya wingu jeusi la mvua, juu ya kilima, lilikuwa linakuja jingine, tumbo jeupe, likinguruma mfululizo kama lori lililopakia changarawe. Mvua ya mawe. Ndiyo hasa ambayo mamaye alimfundishia shoka. Hayo mengine yote ni mbwembwe za sikukuu.

"Likate! Linaelekea kwetu, kwenye mipichi!"

Akaling'oa shoka. Akachora, akasema, akapiga. Shoka likaingia kwenye tope, likakaa humo. Wingu wala halikupepesa jicho.

Bi Eduviges akapanda jukwaani mbio, umri wake ameusahau. Meya alikuwa amejificha chini ya meza ya maua.

"Nazareno! Chukua friji lako! Lichukue sasa hivi, useme umelichukua!"

"Haiwezekani, mama! Limeshapigwa picha. Gavana ameshatuma pongezi."

"Basi nakupa wewe. Zawadi!"

"Mama, sheria!" Meya akatoa kichwa, ameumizwa kweli. "Mtumishi wa umma hapokei zawadi."

Jiwe la kwanza likaligonga friji juu, ngo! Mengine hayakuchelewa.

Jumatatu kulikucha anga jeupe safi, wageni wameshaondoka. Redio ikasoma taarifa ya Manispaa: kwa jitihada za mkata mvua wao, mvua ilikuwa ndogo kuliko ambavyo ingekuwa. Na lori la Manispaa, ambalo kuzoa taka huwa linasahau njia, likalifikisha friji mlangoni asubuhi na mapema.

Zulma alimkuta Bi Eduviges chini ya mipichi. Matawi yalikuwa uchi, majani yamechanwachanwa, vitunda vya kijani vimetapakaa. Mawe ya barafu yalikuwa bado yamelundikana kivulini, na bibi alikuwa ameinama, anayaokota kwa uangalifu, moja moja, anayatia kwenye kikapu cha kuvunia.

"Shangazi, unafanya nini? Pole jamani, njoo ndani."

Bi Eduviges akasimama. Akakibeba kikapu mpaka jikoni, akafungua milango yote miwili ya friji, akapanga mawe rafu kwa rafu, kama alivyokuwa akipanga mapichi sandukuni na mumewe.

"Mavuno," akasema. "Mama yangu alikuwa akikata mvua bure, na kila mwaka tulikuwa na mapichi."

Akaifunga milango. Zulma akaitazama taa ya jikoni: umeme uliokatika jana ulikuwa haujarudi. Maji yalikuwa yameshaanza kutoka chini ya friji, yakitafuta njia ya kwenda nje.