Onja Kwanza, Dokta

Kwenye kilima hiki cha nyuma ya Bukavu, ambako teksi hugeuza kwa hasira, mimi ndiye daktari wa kwanza na mfamasia wa kwanza. Kwa kuwa hakuna wa pili, ndiye pia bora kuliko wote. Dawa nazifuata mjini, soko la Nyawera, nazipandisha kwa pikipiki, na nikifika juu navaa koti jeupe kabla sijapumua.

Hapa mtu hanywi kitu mpaka aliyempa akionje. Hata bia unaifungua mbele ya mgeni na kunywa wewe kwanza, ajue haina sumu. Daktari mwingine angenuna. Mimi, kwa kupenda sifa, niliigeuza desturi hiyo kuwa tangazo: kila dawa niliyochanganya niliionja mbele ya foleni nzima, nikilamba midomo. Nimeonja ya minyoo, ya kikohozi, na ile ya kufungua choo, ambayo ilifunga zahanati hadi jioni. Wateja walijaa.

Asubuhi moja Maman Marcelline aliingia na mjukuu wake, Bulonza, mgongoni. Malaria ilikuwa imempanda mtoto kichwani. Macho yamegeuka, mwili unatetemeka, kumeza hawezi. Nikaandaa sindano upesi.

"Ngoja, Dokta," bibi akasema, akifunika paja la mtoto kwa mkono. "Ujichome weye mbele, kisha yeye."

"Maman, hii haiko ya kuonja."

"Siku zote unaonja. Leo iko nini ndani?"

Foleni ikanyoosha shingo. Mwana wa Maman, baba yake Bulonza, alikufa baada ya kunywa pombe kwa jirani, na tangu hapo bibi huyu hamwamini mtu. Mtoto akakakamaa tena. Kubishana kungemuua. Dozi yake ilikuwa tayari. Kwenye kichupa kulibaki tone. Nikalivuta kwa sindano nyingine mpya, nikapandisha mkono wa koti langu, nikajichoma.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni sakafu.

"Sumu!" Bibi alikuwa mlangoni, amemkumbatia Bulonza. "Mumeona? Dokta amekufa!"

Ningeweza kusingizia njaa au uchovu. Maneno ya kitaalamu ninayo tele. Lakini mguu wake mmoja ulikuwa nje tayari, na mtoto alikuwa ananiponyoka. Niliogopa kweli.

"Maman, rudi! Haiko sumu, iko woga! Mimi naogopa sindano tangu utoto. Hata pale universite, siku ya chanjo, banafunzi benzangu banikamata, nikalia!"

Foleni ikaangua kicheko. Bibi hakucheka. Alinitazama pale chini, koti limejaa vumbi.

"Unaogopa hivi," akasema, "na ukajichoma?"

"Ndiyo, Maman."

Akarudi, akamlaza mtoto kitandani.

"Muchome."

Bulonza alipona. Heshima yangu haijapona. Siku hizi akina mama kwenye benchi huwanyamazisha watoto kwa kuwaambia, "Usilie, weye hauko dokta," na watoto hunyamaza kweli.

Juzi bibi alimleta Bulonza kwa chanjo. Nikatoa sindano. Mtoto akanyoosha mkono bila kulia, akanitazama usoni kwa huruma, kisha akamgeukia bibi yake.

"Koko," akasema, "mushike Dokta."