Lusia Atembezwa Busan

Lusia hakupanda ndege zote zile mpaka Korea kwenda kushangaa maghorofa. Alikuwa na swali moja la kumuuliza binti yake Suzana, ambaye mwaka wa saba sasa yuko Busan, kwanza kwa masomo, kisha kwa kazi: unarudi lini nyumbani? Mumewe, mzee Masalu, alibaki Kishapu na ng'ombe wake akisubiri jibu. Siku ya kwanza Lusia alishindwa kuuliza. Unamuulizaje mtu swali kama hilo na hujamaliza hata kumkumbatia?

Suzana akashika kazi ya kumtembeza. Walianzia Haeundae, majumba marefu mpaka shingo inauma, watu wamejazana ufukweni. Lusia hakuyajali majumba. Alitazama jinsi watu wanavyompita mwanawe. Hakuna aliyesimama kumjulia hali. Akafurahi, Mungu amsamehe. Mtoto asiyejulikana na mtu, aliwaza, hakosi kukumbuka kwao.

Kesho yake wakapanda Gamcheon, mtaa wa mlimani wenye vijumba vya rangi rangi, vimepandana kama magunia ya pamba ghalani. Hapo Lusia akafanya ya kwao. Kishapu hupiti mlangoni mwa mtu kimya kimya kama mwizi. Basi kila mlango akawa anapiga hodi, anakunja goti, anasalimia kwa Kisukuma, "Mwadila!" Mlango mmoja ukafunguliwa, akatoka babu mwenye mswaki mdomoni, akainama, akabaki ameinama hajui afanyeje. Suzana akamvuta mama yake mkono huku akiomba radhi kwa Kikorea.

"Mayu, huku hawapigiwi hodi na wapita njia. Watalii wamewasumbua mpaka wamechoka."

"Na wewe humfahamu hata mmoja?"

"Hata mmoja. Mimi siishi mtaa huu."

Lusia alitabasamu mpaka kituo cha basi. Jioni ile swali lilikuwa limeshakaa vizuri mdomoni. Angeuliza kesho, wakitoka soko la samaki la Jagalchi.

Sokoni alijisikia kama yuko mwaloni Chato, kule wavuvi wanakoshushia samaki: maji chini, kelele juu, kina mama wenye aproni za mpira wakigombea wateja. Hawakufika mbali. Bibi mmoja aliweka kisu chini, akaanza kumfokea Suzana. Anafoka, anamnyooshea kidole, anambinya shavu, anafoka tena. Suzana ameinamisha kichwa, anajitetea kwa kile kisauti ambacho Lusia alikijua, cha mtoto aliyechelewa kutoka kisimani.

"Anakugombeza nini?"

"Kwamba nimepotea siku nyingi, tena nimekonda." Suzana akamgeukia mama yake. "Mwaka wa kwanza niliugua sana, mayu. Sikukwambia, ungelia bure. Huyu ndiye alikuwa ananiletea uji."

Bibi alikuwa ameshamvisha Suzana aproni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na huyu alipewa lake zamani. Suzana alinyoosha mkono bila kuangalia, akavuta kigoda, akaanza kupara samaki huku wakitaniana. Wivu ulimkaba Lusia, na shukrani nayo ikaja hapo hapo juu ya wivu. Alimsogelea yule bibi, akapiga magoti kwenye maji ya samaki, magoti yote mawili, kama anavyosalimiwa mama mkwe.

"Wabeja, mayu," akamwambia. Asante, mama. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Jioni Masalu akapiga simu. Kwao ilikuwa mchana, ng'ombe walisikika nyuma yake.

"Umemuuliza?"

"Sijamuuliza."

"Sasa unangoja nini, mama Suzana? Anarudi au harudi?"

Lusia alimtazama binti yake jikoni, anaosha mikono iishiwe harufu ya samaki, anaimba kitu kwa Kikorea.

"Tuwe tunamwekea kuku, baba Suzana," akasema. "Atakuwa anakuja kutusalimia."