Nanga Ukutani

Haya alinisimulia Marielle Bhérer mwenyewe, mwezi wa pili mwaka juzi, tukichagua njegere za supu jikoni kwake.

Msimu ule goti la baba yake, Mzee Aurèle, lilikuwa limemgomea, akamwachia mbwa wake sita awatembeze wageni msituni kwa sleji, kigari kisicho na magurudumu kinachoburutwa na mbwa juu ya theluji. Alimkabidhi na nanga, chuma chenye meno mawili kilichofungwa kwa kamba kwenye sleji, kinachokitwa kwenye theluji ili isiondoke.

"Ipige teke mara mbili, ndipo ushuke," alimwambia. "Msimu ukiisha salama, mbwa ni wako. Siku wakirudi bila wewe, nanga naitundika ukutani, na huendeshi tena."

Siku moja alikuwa na wageni wawili, mume na mke wazee kutoka Montreal. Walipofika kwenye misonobari wakaomba wapigwe picha. Marielle alivua glavu, vidole vikamuuma kwa baridi, akaitupa nanga chini akashuka. Hakuipiga teke hata moja.

Kabla hajabonyeza kamera, mbwa walishatoka mbio, sleji tupu ikirukaruka nyuma yao.

"Wanakwenda wapi?" mama mgeni akauliza.

"Nyumbani kula," Marielle akajibu huku akitabasamu. "Hapa ndipo tunapowaachia, mama. Sisi tunamalizia kwa miguu."

Kilomita nne. Wageni walifurahi, wakaokota mbegu za misonobari. Yeye alitangulia, asionekane uso. Alijua ule mteremko wa njiani, kwa jirani yao Gaudreault, na kwamba sleji isiyo na mtu wa kukanyaga breki huwagonga mbwa wa nyuma.

Walipoingia jikoni, Bijou, mmoja wa mbwa wa nyuma, alikuwa amelazwa kwenye gunia karibu na jiko, mguu wa nyuma umefungwa kitambaa. Mzee Aurèle alikuwa anapakua supu.

"Mzee, binti yako ametufurahisha," yule mume akasema akivua kofia. "Hasa pale alipowaachia mbwa. Ndio utaratibu wenu?"

Mzee alimtazama binti yake kidogo, kisha akarudi kwenye sufuria.

"Ndio utaratibu wetu. Keti, supu inapoa."

Marielle aliniambia afadhali angemtukana. Miaka yote hakuwahi kumsikia baba yake akisema uongo, na sasa amesema kwa ajili yake, mbele ya supu.

Mama mgeni akainua macho. "Na kile chuma ukutani ni cha nini?"

Mzee alikata mkate.

"Ni cha kuzuia mbwa wasiondoke, mama," Marielle akasema. "Sikuwaachia. Walinitoroka kwa uzembe wangu, nikawadanganya. Na huyu ameumia kwa sababu yangu."

Mama yule aliweka kijiko chini. Hakumtazama tena, alimtazama mbwa.

Wageni walipoondoka, Marielle aliosha vyombo, vikavu akaviosha tena.

"Jumamosi wanakuja wanne," akasema. "Niwaambie hatuna mtu wa kuwatembeza?"

"Waambie Bijou anaumwa. Wakiuliza ameumiaje, waambie ameumiaje. Wakija, wamekuja."

"Na nanga, baba?"

"Muulize Bijou akishapona," mzee akasema, akapanda kulala akivuta lile goti ngazi kwa ngazi.

Marielle alitandika blanketi sakafuni kando ya gunia. Mbwa alimlamba vidole, vile vilivyomuuma kwa baridi kule msituni, akasinzia. Yeye alikaa akiitazama nanga kwenye msumari wake ukutani mpaka moto ukapungua, na usingizi ukamchukua.