Nguvu ya Kumwita Baba

Siku hizi mtu akiniambia "ni mchezo tu" namkata jicho. Mimi ni Bibiane, na nilikuwa mezani Jumamosi ile tulipokaa kucheza na Aaron huku baba yake amekwisha kufa na sisi tunajua, isipokuwa yeye.

Tunacheza kwa kina Hénock, kule Uccle, hapa Ulaya, kwa sababu wazazi wake wana meza kubwa. Ni mchezo wa kuigiza: kila mtu ana mhusika wake, kuna wafalme, mapanga, majoka na wachawi, na Hénock ndiye mwongozaji. Anatusimulia ile dunia, anatoa sauti za watu wote tunaokutana nao, na pale jambo lisipokuwa na uhakika tunatupa dadu ya pande ishirini. Simu zote huwekwa ndani ya sufuria na kufunikwa. Hiyo ni sheria ya mama yake, tumeshaizoea.

Tangu vita viingie nyumbani Bukavu, simu ya baba yake Aaron, aliyebaki kule, haikuwa ikipatikana. Aaron anatunza wazee katika nyumba ya wazee. Anawaogesha, anawalisha, anarudi mgongo unamuuma, na kila akipata mapumziko anapiga ile namba. Hakuwahi kulia mbele yetu. Alichofanya ni kumsumbua Hénock aongeze kwenye mchezo nguvu za akili: mtu aweze kusoma mawazo ya mwenzake, asogeze kitu bila kukigusa, aongee na aliye mbali bila kufungua mdomo.

"Magie ya wachawi iko," Hénock alimwambia. "Inakutosha."

"Magie inaomba dawa, inaomba majina ya mizimu. Miye nataka kichwa tu. Kichwa ya muntu na kichwa ya mwenzake."

Hénock akakubali, akaanza kutunga kanuni. Kila nguvu ina gharama: ukiitumia, damu inakutoka puani na unabaki dhaifu. Lakini kanuni ya kumwita aliye mbali aliitunga Aaron mwenyewe. Unatupa dadu, ukipata kumi na tano au zaidi, sauti yako imefika. Kama uliyemwita yu hai, lazima ajibu. Kama amekufa, kimya. Kisha Aaron akampa mhusika wake, aliyeitwa Murhula, baba mfua vyuma aliyebaki katika mji wa mlimani uliotekwa na maadui. Tukajifanya hamnazo. Majuma yakapita, Murhula hakumwita baba yake hata mara moja. Nadhani Aaron aliogopa.

Habari ya kifo ilifika siku moja kabla ya Jumamosi ile, si kwa Aaron bali kwa tonton Bertin, mdogo wa baba yake, anayeishi naye nyuma ya stesheni ya Gare du Nord. Kwetu kifo hakitangazwi kwa simu wala barabarani. Mfiwa anakalishwa, watu wamemzunguka, ili akianguka akute mikono. Ni desturi nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini lazima kwanza watu wafike: ndugu wa Liège, pasta, wamama wa kupika, na makochi yatolewe sebuleni. Kwa hiyo tonton alimwambia Aaron, "Enda ucheze na benzako, utapumuzika." Kisha akanipigia mimi, akanieleza.

"Bibiane, mumukamate kule mpaka dix-huit heures. Asiguse téléphone."

Basi nikamwambia Hénock, tukamkamata mpaka hiyo saa kumi na mbili ya jioni. Mama yangu, maman Alphonsine, alikuwa madukani Chaussée de Wavre akinunua samaki wa matanga, na mimi nilikuwa Uccle nikimmiminia mfiwa juisi. Nilijichukia. Hénock naye alisimulia ovyo, akasahau hata majina ya majoka yake mwenyewe.

Muda wa kuondoka ulipokaribia, Aaron akajinyoosha, akachukua dadu.

"Leo namuita."

"Unamuita nani?" Hénock aliuliza, ingawa alijua.

"Papa ya Murhula."

"Tufanye ile siku ingine. Murhula alichoka, iko na vidonda..."

"Iko na force ya kutosha. Ni wewe uliandika règle ya zile nguvu."

Nikamwomba Mungu atoe namba ndogo. Sijawahi kuomba kitu kidogo namna hiyo kwa nguvu namna ile. Dadu ikazunguka, ikagonga kikombe changu, ikatulia kwenye kumi na nane.

"Dix-huit," Aaron akasema kwa sauti ya chini. Akafumba macho. "Papa. Ni miye. Uko wapi?"

Hénock akaniangalia. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na tonton, na pasta aliyekuwa bado njiani, na kanuni isiyo na mlango wa kutokea. Hénock akinyamaza, amemtangazia mtu kifo cha baba yake hapa mezani, kati ya chipsi na penseli, bila mkubwa hata mmoja wa kumshika. Akijibu, ni uongo. Kimya kikaanza kurefuka. Nikampiga Hénock teke chini ya meza.

"Murhula," Hénock akasema, kwa sauti nzito ya mzee. "Mutoto yangu. Niko. Niko muzima."

Aaron hakufumbua macho. "Papa, ulikula?"

"Nilikula."

"Ulikula nini?"

Hénock akataja chakula cha kwao, ugali na visamaki vya ziwani. "Bugali na sambaza."

Hapo Aaron akacheka, machozi yanamtiririka, akaja kutukumbatia mmoja mmoja. Ndani ya gari la Hénock aliongea njia nzima. Alituambia alijua tu, papa yake hawezi kufa vile. Simu yake nilikuwa nimeitoa kwenye sufuria, iko mkobani mwangu, nimeizima. Nikamwambia chaji imekwisha.

"Haina shida," akasema. "Kesho nitapiga. Kesho simu itapita."

Tulipofika kwa tonton, viatu ndivyo Aaron alivyoviona kwanza, vimejaa kwenye korido mpaka karibu na lifti. Mlango ulikuwa wazi. Sebule haikuwa na makochi, wamama wamekaa chini wamejifunga vitenge. Tonton Bertin akamshika mabega, akamkalisha, akamwambia kama inavyopasa.

"Aaron, mutoto yangu, kaza roho. Papa yako alituacha."

Mikono ilikuwa tayari, lakini Aaron hakuanguka. Alimtazama Hénock aliyesimama mlangoni.

"Lakini alijibu," akasema.

Tonton akadhani ni uchungu unaosema. Wamama wakaanza kulia.

Mimi na Hénock tulikimbilia jikoni, tukajificha nyuma ya kazi ya kukata vitunguu. Baada ya muda Aaron akaja. Akatoa ile dadu mfukoni. Sikujua kwamba alikuja nayo. Hakuitupa. Aliiweka mezani kwa mkono, taratibu, ishirini ikitazama juu.

"Vingt," akamwambia Hénock. "Papa. Ulikula?"

Hénock alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Nilitaka ajibu. Mungu anisamehe, nilitaka amdanganye tena, mara moja tu, halafu mara moja nyingine, hata maisha yetu yote. Maman Alphonsine akaingia, akachukua chumvi, akatoka bila kutuuliza kitu. Aaron alikuwa bado anasubiri.

"Bon," akasema mwishowe. "Alikufa."

Akavua viatu vyake, akaviacha pale jikoni, akaenda kukaa chini pamoja na wengine.