Zamu ya Mzee Twaha

Mume wangu Idrisa ana macho mawili na kiburi kimoja, na Jumamosi ile aliamua kulinda kiburi.

Alikuwa shambani kwetu bondeni, upande wa Shume, anachanganya dawa ya mrututu na chokaa apulizie viazi vilivyoingiwa na ukungu. Hakuvaa miwani ya kukinga macho. Mimi nafundisha baiolojia sekondari, miwani nilimnunulia mwenyewe, naye akaitundika ukutani kama kalenda. Alipokoroga, chokaa iliruka kutoka kwenye ndoo ikamwingia jicho la kulia.

Nilipofika na chakula nilimkuta ameketi kwenye tuta, kajifunika jicho kwa kofia.

“Imeingia saa ngapi?”

“Sasa hivi tu, Mama Hidaya. Itatoka na machozi.”

Hiyo sasa hivi yake ilikuwa robo saa nzima. Chokaa ilishakauka kwenye kola.

Machozi hayatoshi. Mbele ya jicho kuna konea, utando angavu usio na hata mshipa mmoja wa damu, na ndiyo maana mwanga unaupita bila shida. Kutoka hapo mwanga huingia kwenye mboni, lenzi ikaukusanya, picha ikatua nyuma kwenye retina. Chokaa ikilowana huunguza, tena huzidi kuzama. Konea ikipata kovu, vingine vyote vinaweza kuwa vizima na mtu asione, kama nyumba nzuri ambayo dirisha lake limepakwa rangi. Hayo nayafundisha kila mwaka. Dawa yake ni maji mengi, papo hapo, kwa nusu saa.

Maji ya pipa letu yalishatiwa mrututu. Mfereji wetu ulikuwa mkavu, maana Jumamosi ni zamu ya maji ya jirani yetu Mzee Twaha, na maji yote yaligeuziwa shambani kwake, hatua thelathini kutoka pale. Tulikuwa tunayasikia. Lakini mwezi uliotangulia Idrisa ndiye aliyemshtaki Mzee Twaha kwenye kamati ya mfereji kwamba anaiba zamu za watu. Mzee alitozwa mbuzi. Idrisa naye akaapa mbele ya kamati kwamba yeye hatagusa maji nje ya zamu yake, hata tone.

“Inuka twende mferejini.”

“Siendi. Leo si zamu yangu.”

Nilimshika ukosi nikamburuta.

Nilikuwa nimeshamlaza ukingoni, namwagia maji kwa bakuli la chakula, Mzee Twaha alipotokea na jembe begani.

“Shikamoo, baba,” nilisema bila kuinua kichwa. “Chokaa imemwingia jichoni.”

“Marahaba.”

Alitua jembe, akapiga magoti kwenye tope, akamfumbua kope kwa vidole viwili huku akimtuliza kwa Kishambaa. Chini ya kope nilikuta punje za chokaa, nikazitoa kwa ncha ya kanga. Tulimwosha mpaka mikono ikafa ganzi, kisha tukampeleka hospitali.

Miezi miwili baadaye daktari, kijana mpole aliyehamia kutoka Mwanza, alimmulika tena. Lenzi safi, alisema, na mboni inasinyaa vizuri ikipata mwanga. Kovu limekaa katikati ya konea. Alifunika jicho la kushoto akanyoosha vidole.

“Vingapi?”

“Naona kivuli,” alisema Idrisa.

Daktari aliandika. “Ilipita muda gani kabla ya kuosha?”

“Robo saa,” nikasema mimi.

“Maji yalikuwa mbali?”

“Hatua thelathini.”

Daktari aliacha kuandika. Alimgeukia Idrisa, akamuuliza taratibu, bila kumlaumu, kilichomzuia.

“Hayakuwa yangu, daktari.”

Kijana wa watu alinitazama nimfafanulie. Nilifungua kinywa nimweleze habari za zamu, nikajikuta nalia.